Mzee Aliyefia Kwenye Televisheni Yetu

Majina yote ninayo. Ya watu wa huku kwetu Masama, kuanzia mfereji wa juu mpaka barabara ya chini, ya ng'ombe wangu wote tangu niolewe, hata ya wale wazungu wa kwenye televisheni ninayakumbuka, ingawa kuyatamka ni kazi. Lakini sitayaandika. Wenye majina wengine wako hai na ni wakali, na wengine wamelala migombani pao hawawezi kujitetea. Nitasema mume wangu, mwanangu wa pili, wifi yangu, na atakayejitambua ajitambue.

Televisheni ililetwa na mwanangu wa mwisho. Ilikuwa miaka ile ya tisini, vitu vilipoanza kujaa madukani, na sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukawa tunachagua sabuni kwa harufu. Huyu mwanangu alikuwa Dar es Salaam anauza vipuri vya magari, na Krismasi moja akapanda nayo mlimani imefungwa blanketi kama mgonjwa anayetolewa hospitali. Mume wangu aliivua blanketi kwa mikono yake, akaizunguka mbele na nyuma, akasema, "Huyu mtoto ananipenda." Mwanangu wa pili alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hakuna aliyemwambia autue.

Inabidi nieleze hapa. Mabinti zangu waliolewa wakaenda kwao. Wa kiume ni watatu. Wa kwanza alioa mapema, baba yake akampa kipande cha juu karibu na kanisa, akajenga, hana neno na mtu. Wa mwisho, kwa mila yetu, ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, ambamo wazee wetu wamezikwa. Ni hivyo hata kama huyo wa mwisho anaishi Dar na akishika jembe unamwonea jembe huruma. Mwenye tabu ni wa katikati. Zamani alikuwa anakwenda kufyeka msitu apate chake. Kufikia wakati wetu msitu wa kufyeka hakuna, kwa hiyo wa katikati anaambiwa ashuke tambarare akalime mahindi kwenye vumbi.

Wangu hakushuka. Alijenga chumba na jiko pale chini ya kihamba chetu, akaoa, akapata mtoto. Ndiye aliyekuwa anakamua, anakata majani, anapogoa mibuni hata bei ya kahawa ilipoanguka mpaka majirani wakaing'oa wakapanda nyanya. Baba yake alikuwa amemwahidi kwamba siku ukoo ukikaa, atamtamkia mbele ya watu kile kipande alichojenga. Alikuwa amemwahidi faraghani, wakiwa wawili bandani, na shahidi alikuwa ng'ombe. Ukoo ulikuwa ukae Krismasi inayofuata, watu wakiwa wamepanda kutoka mijini. Kwa hiyo mwaka ule mzima nilikuwa naomba kitu kimoja tu: mume wangu aifikie Krismasi na moyo uleule.

Ndipo wakaingia wale wawili.

Walikuwa wanakuja Alhamisi jioni. Mume na mke, wazungu, wamevaa vizuri kila siku, gari lao halina paa, na kazi yao ni kutafuta wauaji. Hawakuwa polisi. Walikuwa wanaalikwa tu chakula, na kila walipoalikwa mtu anakufa, na bado watu waliendelea kuwaalika. Huku kwetu watu wa namna hiyo wangekatazwa kuhudhuria hata kipaimara. Yule mke ndiye aliyekuwa anagundua, akiwa kimya pembeni. Yule mume ndiye aliyekuwa anasimama kutangaza. Mimi nilikuwa napenda kumwangalia mke, mume wangu alikuwa anapenda kumwangalia mume, basi Alhamisi nyumba ilikuwa na amani.

Kiingereza hatukukijua. Tulikuwa na jirani, mwalimu mstaafu, mama mmoja mfupi wa miwani, ambaye alikuwa anakuja kututafsiria kwa malipo ya chai. Wazungu wakizozana mpaka mishipa ya shingo inasimama, Mwalimu anasema, "Anakataa." Wakizozana tena zaidi, anasema, "Bado anakataa."

Na picha ilikuwa haikai bila mtu wa antena. Mtu huyo alikuwa mwanangu wa pili. Alikuwa anapanda juu ya paa la banda la ng'ombe, anashika ule mti wa antena kwa mikono miwili, na sisi tunamwelekeza kwa kupitia dirishani.

"Sawa?"

"Bado! Zungusha kwa upande wa kanisa!"

"Sasa?"

"Hapohapo! Usipumue!"

Miezi yote ile hakuwahi kuwaona wale wawili hata mara moja. Alikuwa anawajua kwa sauti, kama mtu anavyojua wapangaji wa chumba cha pili.

Sasa Alhamisi moja kulikuwa na mzee tajiri mwenye nyumba kubwa kuliko kanisa letu. Ana watoto watatu wa kiume. Mwalimu alipotamka "watatu", mume wangu akasogeza kiti mbele. Wa kwanza mwanajeshi, ana kwake. Wa mwisho anakaa mjini, nadhifu, nywele zimelala. Wa katikati yuko palepale nyumbani, anatunza farasi. Yule mzee akawakusanya mezani akawaambia, kesho nitawaambia nyumba hii ni ya nani. Akaletewa glasi kwenye sinia, akanywa, akainama kama mtu anayetafuta kifungo chini ya kiti, akafa. Na wale wawili, bila shaka, walikuwa wamealikwa.

Wakahoji, wakachungulia, yule mke akanusa glasi. Mwisho wakawaweka watu wote sebuleni. Yule mume akasimama mbele ya moto, mkono mfukoni. Nyumbani kwangu hakuna aliyekuwa anatafuna. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Anasema, mtu aliyemuua mzee huyu yumo humu ndani."

Umeme ukakatika.

Sijasikia kilio cha namna ile hata msibani. Mume wangu akapaza sauti gizani, "Nani amegusa nini?"

Kutoka juu ya banda mwanangu akajibu, "Sijagusa kitu, Baba!"

Halafu mume wangu akasema, "Mbona umejibu haraka?"

Asubuhi yake aliamka na jibu.

"Aliyeua ni wa katikati," akaniambia, hata uso hajanawa.

"Umejuaje? Mwisho hatukuuona."

"Mama, piga hesabu. Wa kwanza ana kwake. Wa mwisho nyumba ni yake, anasubiri tu. Nani hana pa kusimama?"

"Wazungu hawana kihamba, Mzee."

"Kila mtu ana kihamba."

Ningesema ni yeye peke yake, ningekuwa mwongo. Mteremko wote ulisema hivyohivyo, kanisani, kwenye mizani ya kahawa, kwenye mfereji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwalimu peke yake alijaribu kusema kwamba kwa wazungu mrithi mara nyingi ni mtoto wa kwanza, watu wakamtazama kwa huruma, wakaulizana kama ana mtu wa kumsaidia kuchota maji.

Baada ya hapo mume wangu akaanza kumtazama mwanangu wa pili.

Huku kwetu anayekupa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, huonja kwanza mbele yako, uone kwamba hamna kitu ndani. Ni adabu, hakuna anayeichukia. Lakini mume wangu akaitoa hiyo adabu kwenye mbege akaieneza. Alianza na chai. Mwanangu akimletea kikombe, anakisukuma: "Onja." Yakafuata maziwa. Ukafuata mtori. Siku moja nikawakuta barazani na pakiti ya dawa mkononi.

"Onja."

"Baba, hivi ni vidonge vya presha."

"Vya nani?"

"Vyako."

"Na nani alivifuata duka la dawa?"

"Mimi."

"Basi onja."

Mwanangu akalamba kimoja, akakirudisha kwenye pakiti, baba yake akakimeza kwa maji ambayo nayo yalionjwa. Wiki ile ng'ombe alipopewa dawa ya minyoo, mwanangu alionja na hiyo, kwa sababu ng'ombe naye ni mali. Alishinda anatema mate mpaka jioni.

Mke wa mwanangu hakuwa na uvumilivu wa mume wake. Alikuwa anapika kiburu cha kupendeza, ndizi na maharage vimepondwa vikalainika, na akipeleka kwa baba mkwe, mume wake anaambiwa aonje. Naye ametoka shambani na njaa, anaonja mpaka katikati ya bakuli. Mke wake akanifuata jikoni.

"Mama, mume wangu sasa anashiba huko kwa baba, chakula changu hakigusi. Mwambie Baba achague. Amshuku au amlishe."

Mwenyewe nilikuwa nacheka. Hata siku mume wangu alipovaa koti lake la kanisani katikati ya wiki, akasimama mbele ya mafiga mkono mfukoni, nilicheka.

"Alhamisi jioni ulikuwa wapi?" akamuuliza mwanangu.

"Juu ya banda, Baba. Nimeshika antena."

"Nani alikuona?"

"Si mlikuwa mnaniambia nisipumue?"

"Sauti tuliisikia. Mtu hatukumwona."

Niliacha kucheka siku moja tu, tukiwa tunachambua kahawa wawili, yeye akasema bila kuinua macho, "Krismasi sitamtamkia. Nimpe ardhi mtu anayehesabu siku zangu?" Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesema kesho hatutalima kwa sababu ya mvua, na mimi ninamjua, sauti hiyo ndiyo mbaya. Na mwanangu alikuwa ameshasikia. Jioni aliniambia kando ya banda kwamba kuna mtu wa Himo ana chumba cha kupangisha, pale njia panda, na kazi ya kupakia mizigo haikosekani. "Krismasi ikipita, Mama. Siwezi kuzeeka naonja."

Kumbishia mume wangu ni kuupigilia msumari uzame zaidi. Nikaona njia ni moja. Nitafute mwisho wa ule mchezo.

Nikashuka Moshi kwa wifi yangu. Wifi, dada wa mume wangu, alikuwa amepanga chumba Majengo, anauza vitenge, na televisheni alikuwa nayo. Nilijua huko mjini umeme haukukatika jioni ile. Sikuketi hata kunywa maji.

"Wifi, Alhamisi ile ya mzee mwenye glasi, uliona nani kaua?"

"Kuona sikuona. Nilisikia."

"Ulikuwa umefumba macho?"

"Yangu picha ilikufa tangu Pasaka, wifi. Imebaki sauti. Huwa naisikiliza kama redio."

"Kiingereza unakijua?"

"Sijui hata kidogo. Lakini nasikia wakigombana."

Mlango wa pili kulikuwa na fundi wa redio na televisheni, mtu wa makamo, miwani imefungwa waya. Nikamuuliza kwa nini wifi hampelekei yake aitengeneze. Wifi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini, "Nimpelekee na sauti nayo ife?" Fundi akajibu kutoka kwenye kibaraza chake, bila kuinua kichwa, "Mwambie huyo mama mimi ninayo ya mteja inaonyesha picha safi kabisa."

"Na sauti?" nikamuuliza.

"Sauti bado."

Ndiyo hivyo. Walikuwa wametenganishwa na ukuta wa matofali, kila Alhamisi mmoja anasikia bila kuona, mwingine anaona bila kusikia, na hawasemeshani. Nikawashika mikono, nikawakalisha kwenye benchi moja, mimi katikati.

"Anza, wifi. Yule mume alisema muuaji yumo humu ndani. Halafu?"

"Halafu akaongea, akaongea, akaongea."

"Kweli," fundi akasema, "mdomo ulikuwa unacheza sana. Alikuwa anamnyooshea kidole kila mtu, mmojammoja."

"Halafu mlango: ngwiii."

"Aliingia mwanamke mnene, kavaa aproni ya mpishi, kashika sinia."

"Halafu kacha! Kitu kikaanguka."

"Sinia hiyo!" Fundi akasimama. "Aliiangusha! Yule mke alikuwa amemwonyesha kichupa."

"Halafu mbwa akalia."

"Hapakuwa na mbwa, mama. Ni yule mpishi."

"Yule alikuwa mtu?" Wifi akashika kifua. "Masikini, nami nikasema mbona hawamfungulii!"

Wapita njia wakawa wamesimama kutusikiliza. Fundi akatuigizia polisi wawili wanavyomshika mpishi mkono na kutoka naye. Nikauliza lile lililonileta. "Na yule mtoto wa katikati, anayetunza farasi, alifanya nini?"

"Yule wa buti? Alikuwa amesimama dirishani. Hakufanya kitu."

Niliwashukuru, nikawaacha wanabishana kama mbwa alikuwepo ama hakuwepo, na nilipanda mlima siku ile kama msichana. Mpishi! Nilimkuta mume wangu anakunywa chai iliyokwisha kuonjwa, nikamsimulia yote, ya kusikia na ya kuona. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mpishi," akasema.

"Mpishi."

"Mpishi ana kihamba gani anachokitafuta pale?"

"Sijui, Mzee. Polisi wamemchukua."

"Basi alitumwa." Akageuza kichwa polepole, akautazama moshi unaotoka kwenye jiko la mke wa mwanangu. "Na hapa kwetu anayepika kwa huyu wa katikati ni nani?"

Nilikuwa nimekwenda kumwokoa mmoja, nikarudi na washtakiwa wawili. Tangu siku hiyo na mke wa mwanangu akaanza kuonja. Alikuwa anaonja huku amemkazia macho baba mkwe, anatafuna taratibu, na mume wangu anasema kumbe ndivyo walivyo.

Krismasi ikafika. Mlima ukajaa magari ya mijini, mwanangu wa mwisho akapanda na kreti za soda, ukoo ukakaa uani kwetu kwenye mabenchi ya kanisa. Wanaume mbele, sisi wanawake nyuma kwenye mitungi ya mbege. Wifi, kwa kuwa ni binti wa ukoo, akajiwekea kiti chake mbele na hakuna aliyethubutu. Mkubwa wa ukoo alikuwa mzee sana, baba yake mdogo mume wangu, ambaye alikuwa hajawahi kuona televisheni, na macho yake yalishafika mahali ambapo asingeiona. Mume wangu ana mvi kichwa kizima, lakini yeye alikuwa anamwita kijana.

"Kijana, sema ulichotuitia."

Mwanangu wa pili alikuwa amesimama pembeni kabisa, karibu na njia. Mke wake alikuwa ameshafunga masufuria kwenye shuka. Niliyaona asubuhi.

Mume wangu akasimama. "Nilitaka kumtamkia huyu wa katikati pale alipojenga. Sitamtamkia. Kuna mzee ameuawa kwa jambo hilihili."

Mabenchi yakalia. "Nani ameuawa? Lini?"

"Mzee mmoja. Alhamisi."

"Wa wapi?"

"Ulaya."

"Wewe umejuaje?"

"Alifia nyumbani kwangu. Kwenye televisheni."

Watu wakamgeukia mkubwa wa ukoo wamcheke mume wangu pamoja naye. Yeye akainua fimbo. "Endelea. Kifo ni kifo."

Basi mume wangu akasimulia, watoto watatu, nyumba, glasi, mpishi aliyetumwa. Alisimulia vizuri, siwezi kumnyima. Mwanangu wa mwisho akaona aibu, akanyoosha mkono.

"Babu, ule ni mchezo tu. Wale ni waigizaji. Yule mzee hajafa."

"Hajafa?"

"Hajafa, Babu. Analipwa."

"Baba yako anasema alimwona anakufa. Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Nilikuwa Dar."

"Basi kaa chini."

Akakaa. Mkubwa wa ukoo akaendelea na mume wangu. "Walimzika wapi?"

"Hawakuonyesha."

"Wamekaa sebuleni na moto umewashwa, wanaulizana nani kaua, na mzee wao hajazikwa?"

"Walikuwa na haraka ya kumjua muuaji."

"Nani alichinja?"

"Hakuna aliyechinja."

Wazee wakatikisa vichwa. Mmoja akasema hao wote waliokuwa sebuleni wafungwe. Mkubwa wa ukoo akauliza tena, "Na mipaka ya kihamba chake ilikuwaje?"

Mume wangu akababaika. "Mimi nilikuwa naangalia watu."

"Nani mwingine alikuwepo akaona?"

Akajikuna. Akanielekeza kidole, bila kupenda. "Mama watoto alikuwepo."

Nikasimama na mikono inachuruzika mbege. Nilikuwa sijawahi kusemeshwa kwenye kikao cha ukoo tangu siku niliyoletwa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama. Uliona nini nje ya ile nyumba?"

"Majani, Baba. Majani tu, yamekatwa mafupi kama kichwa cha askari, kuanzia mlangoni mpaka getini."

"Migomba?"

"Hata mmoja."

"Masale?"

Sale, kwa asiyejua, ni ule mmea wetu wa majani marefu ambao tunaupandia mipaka. Baba akiupanda kwa mkono wake akiwa hai, amemaliza. Hakuna mtoto wala mjukuu atakayeung'oa.

"Hakuna, Baba. Niliangalia mara zote gari lao lilipokuwa linaingia. Watoto watatu, na hakuna sale hata moja."

Nyuma yangu wanawake waliguna kama tumeletewa habari ya msiba wa kwetu. Mkubwa wa ukoo akatafuna kitu ambacho hakikuwemo mdomoni.

"Mpishi alibeba glasi tu," akasema. "Aliyemuua yule mzee ni yule mzee. Amezaa watatu, nywele zimekuwa nyeupe, halafu anawakalisha mezani anawaambia kesho. Kesho! Unawaambia watoto wa kiume kesho, halafu unapokea glasi?" Akapiga fimbo chini. "Mimi namwona na kosa. Mbuzi mmoja na mtungi mmoja wa mbege. Nani anamsimamia marehemu hapa?"

Watu wote wakamtazama mume wangu.

"Mimi? Yule si wa ukoo wetu!"

"Umeleta kesi yake."

"Nilipe kosa la mzungu?"

"Amefia kwako."

Wifi akaanza kucheka, akaziba mdomo kwa kitenge. Lakini mkubwa wa ukoo hakuwa anacheka, na fimbo yake sasa ilikuwa imemwelekea mume wangu. "Na wewe, kijana. Masale yako yako wapi?"

Pale chini, mtoto wa mwanangu alikuwa anagonga sufuria iliyofungwa, anataka ifunguliwe.

"Kaka, umeulizwa," wifi akasema.

"Yatapandwa," mume wangu akasema.

"Lini?"

Nililiona neno likimjia. Lilifika mpaka kwenye meno. Mabenchi yote yalikuwa yanalingoja, watu wameshaanza kuvuta pumzi wapige kelele, na yeye akawaona wanavyolingoja, akalimeza. Akamtazama mwanangu wa pili pale njiani kwa muda mrefu.

"Leo," akasema.

Mwanangu wa mwisho aliulizwa kama ana neno, kwa kuwa kihamba ni chake kwa mila. Akasema, "Babu, mimi hata ng'ombe ananiogopa. Abaki anayemkamua." Mkubwa wa ukoo akasema ya ng'ombe hakuulizwa, lakini imesikika.

Mume wangu akakata machipukizi ya masale pale alipozikwa baba yake, akayabeba mwenyewe, hakumpa mtu. Tulivuta kamba ya mpaka mimi na yeye, mmoja huku, mmoja kule, na mwanangu wa pili akafuata nyuma anachimba mashimo. Ukoo ulikuwa umesimama unakula na kutuelekeza.

"Sogeza chini," mume wangu akaniambia.

"Kamba inyooke, Mzee. Hapa juu."

"Huo mgomba ni wangu."

"Nani aliupanda?"

Akaangalia mgomba. Akaangalia mbuni uliokuwa kando yake. "Na huo mbuni?"

"Nani anaupogoa?"

"Kwa hiyo yote ni yake!"

"Sijasema. Nauliza tu."

Akapandisha kamba. Halafu, bila mtu kumwambia, akaipandisha tena hatua moja, mfereji mdogo wa maji ukawa upande wa mwanangu. Mwanangu akasimamisha jembe. Baba yake akasema, "Chimba, giza linaingia," na akapiga magoti kupanda sale la kwanza, akalishindilia kwa viganja, akaenda la pili.

Masufuria yalifunguliwa jioni ileile. Mtu wa Himo alipelekewa salamu kwamba chumba ampe mwingine.

Asubuhi niliamshwa na makelele. Kamba ya mpaka tulikuwa tumeisahau palepale imefungwa, na mke wa mwanangu alikuwa ameamka mapema akaanika nepi zote kwenye hiyo kamba, juu ya masale mapya. Mume wangu alikuwa huko na kanzu ya kulalia, anafoka kwamba mpaka wa ukoo si mahali pa nepi, kwamba wazee wanaona, kwamba hata hayajashika udongo.

"Baba, shikamoo," mke wa mwanangu akasema. "Zinaning'inia upande wangu."

Ilikuwa kweli, upepo ulikuwa unazisukuma kwake. Mume wangu akaendelea kufoka, anarusha mikono, shingo imenyooka mpaka ng'ambo, nami nikashuka kwenda kumtoa kabla majirani hawajaja. Nilipofika karibu nilimtazama miguu. Alikuwa amesimama kwenye sale la mwisho kabisa, ndala zimegusa udongo uliochimbwa jana, na alifoka mpaka sauti ikamkauka bila kuvuka masale.